Uzi: Kwa nini mpango wa kilimo unabadilika kabla mbuni haujazaa?

#1 Kiboko_Mkavu (Mityana)

Wakulima, salamu. Naomba tuongee kwa hesabu, hasira tuziache nje.

Mche wa robusta wa vikonyo ukipandwa vizuri unaonjesha matunda mwaka wa pili. Mavuno ya kueleweka ni mwaka wa tatu kwenda wa nne. Sasa pangeni mipango yetu ya Uganda kando ya hapo. Sheria ya NAADS, huduma za ushauri wa kilimo, 2001. Ikasimamishwa 2007, ikarudi na sura nyingine. 2013 ikaja OWC, ugawaji wa pembejeo, na maafande. 2014 ushauri ukarudishwa wizarani. Vocha za simu za ACDP, mradi wa ruzuku ya pembejeo, zikaja, zikaisha. Februari 2022 PDM, mpango wa pesa za parokia, ikazinduliwa Kibuku. Mwisho wa 2024 UCDA, mamlaka ya kahawa, ikaingizwa ndani ya wizara.

Mbuni uliopandwa chini ya mpango mmoja unazaa chini ya mpango mwingine, kwa ofisa mwingine na masharti mengine. Dai langu: wizi upo na pesa ni chache, lakini ugonjwa wenyewe ni kwamba mpango una umri mfupi kuliko zao. Anayepinga alete namba.

#2 Mahindi_Bweyale

Napinga mapema. Mahindi ya Longe 5 yanakomaa kwa siku kama 115. Hayangoji miaka minne ya mtu. Kwa nini basi mipango ya mahindi nayo inafeli?

Ugonjwa ni kalenda ya hazina. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, pesa zinatoka kwa robo. Zikishatoka kuna barua, kuna zabuni, kuna malalamiko ya aliyekosa zabuni, kuna kusaini. Mvua ya kwanza inaanza Machi. Mbegu ikifika gombolola (ngazi ya utawala chini ya wilaya) mwisho wa Aprili, mahindi yatatoa mbelewele wakati mvua inakatika Juni, na hapo ndipo yanapotaka maji kuliko wakati wowote. Shamba linakuwa kijani, ukipita barabarani unasifu, ukimenya gunzi unakuta punje zimeruka kama meno ya mzee.

Hiyo mbegu ilikuwa nzuri. Wiki tano tu ndizo zilizoua.

#3 Afande_Mstaafu (Gulu)

Mnasahau kwa nini OWC ililetwa. Hoja ya serikali wakati ule ilikuwa kwamba pesa za NAADS zinaishia kwenye semina, watoa huduma na posho, mkulima anabaki na daftari. Wanajeshi wakapewa kazi ya kuhakikisha vitu vinafika mpaka chini. Na vilifika. Malori yalifika mahali ambapo bwana shamba hajawahi kufika.

Halafu #2, usiseme Machi kwa nchi nzima. Huku kaskazini mvua inashika Aprili, inapunguza kidogo katikati ya mwaka, halafu inaendelea mpaka Novemba. Karamoja msimu ni mmoja tu. Mpango mmoja wenye tarehe moja ya kugawa mbegu kutoka Kisoro mpaka Kaabong utamkosea mtu tu.

#4 Kitalu_Masaka

Afande, heshima yako. Lakini kufikisha ni nini hasa? Tuchukue kahawa.

Ekari moja ya robusta kwa nafasi ya futi 10 kwa 10 ni mashimo kama 450. Kila shimo futi 2 upana, futi 2 urefu, futi 2 kina. Udongo wa juu unauweka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Unachanganya ule wa juu na samadi iliyooza, debe moja hivi, unarudisha, unaweka kijiti katikati, unaacha shimo likae miezi 2 au zaidi kabla ya kupanda. Ukipanda siku hiyo hiyo uliyochimba, udongo unashuka baada ya mvua, shingo ya mche inazama, maji yanasimama pale, mche unaoza.

Sasa taarifa ilikuwa inakuja jioni: kesho miche gombololani, kila mtu aje na kitambulisho. Nani ana mashimo 450 usiku ule?

Jambo la pili ni kukomaza. Mche unakaa kwenye kivuli kitaluni. Wiki 4 mpaka 6 za mwisho unapunguza kivuli kidogo kidogo na maji pia, jani liwe gumu. Mwenye zabuni analipwa kwa idadi ya miche, halipwi kwa miche iliyopona. Kwa hiyo anautoa kivulini, anaupakia kwenye lori, unapigwa na upepo njia nzima. Ukifika umeshakunjamana. Mkulima akiupanda bila kivuli cha muda na bila matandazo, wiki 3 kwisha habari.

Katika kumbukumbu unaonekana umefikishwa. Na kweli ulifikishwa.

#5 Karani_wa_Gombolola

Marekebisho madogo ya historia, maana uzi huu utasomwa na vijana.

Ndugu #1, NAADS haikufa 2014. Kilichoondolewa ni kazi ya ushauri, ikarudi kwa maofisa wa wilaya na magombolola chini ya wizara. Sekretarieti ya NAADS ilibaki inanunua pembejeo ambazo OWC ilikuwa inagawa. Kwa hiyo watu wengi waliokuwa wanatukana OWC kwa miche mibovu walikuwa wanamtukana dereva kwa mzigo ulionunuliwa na mwingine. Ni mwaka 2024 ndipo NAADS yenyewe ikarudishwa wizarani katika ule mpango wa kuunganisha mashirika ya serikali.

Na PDM si zawadi, ni mkopo. Ina nguzo 7. Watu wanaijua ya tatu tu, ile ya pesa. Nguzo ya kwanza ni uzalishaji, uhifadhi, usindikaji na soko. Hiyo hamuiulizi.

#6 Simba_wa_Jinja

Hatuiulizi kwa sababu haijaja na bahasha 😂

#7 Afande_Mstaafu

#4, umesema kweli kuhusu mashimo. Lakini mkulima anayetaka kahawa hangoji lori ndipo achimbe. Mashimo hayana zabuni.

#8 Kitalu_Masaka

Mzee, hakuna anayechimba mashimo 450 kwa miche asiyojua kama itakuja. Ukichimba Januari na miche ikakosa kuja, umechimba makaburi. Mwaliko ukija miezi 3 kabla, na idadi yako imeandikwa, watu watachimba.

#9 Mama_Simsim (Lira)

Mimi naona wote mnazunguka. Tuangalie hesabu ya PDM yenyewe.

Parokia (ngazi ya utawala chini ya gombolola, si ya kanisa) inapata milioni 100 kwa mwaka. Kaya moja inapata mpaka milioni 1. Hizo ni kaya 100. Parokia yenye kaya 800 inahitaji miaka 8 ili kila mmoja apate mara moja, kama hakuna anayerudisha. Kama watu wanarudisha, foleni inafupika. Ndiyo maana kurudisha ni roho ya mpango mzima, na ndiyo maana neno la mwanasiasa "hizi ni zenu, kuleni" linaua foleni nzima. Riba ni asilimia 6 kwa mwaka, yaani 60,000 kwa kila milioni. Hakuna benki wala mkopeshaji wa sokoni atakayekupa hivyo. Pesa yenyewe ni nzuri.

Kuna mgawo pia: asilimia 30 wanawake, 30 vijana, 20 wanaume, 10 wazee, 10 watu wenye ulemavu.

Tatizo ni kile kinachoandikwa kwenye fomu. Kikundi cha watu 20, wote wameandika kuku, kwa sababu aliyejaza fomu ya kwanza aliandika kuku na wengine wakanakili. Haya, pigeni hesabu ya kuku wa mayai. Kifaranga mpaka yai la kwanza ni wiki 18 mpaka 20. Kwa muda huo kila kuku anakula karibu kilo 7 za chakula. Kuku 100 ni kilo 700 kabla hujaona yai hata moja. Ongeza chanjo za Newcastle na Gumboro, marudio yake, pumba za sakafuni, makaa ya kuwapasha joto wiki za mwanzo. Milioni inaisha kuku wakiwa na wiki 10 hivi. Hapo mtu anaanza kupunguza chakula, kuku wanachelewa kutaga, au anawauza kama kuku wa nyama kwa bei ya hasara.

Nguruwe nao: homa ya nguruwe ikipita kijijini, huku hatuna chanjo yake ya kukimbilia. Ni kufunga geti, kuzuia wageni, kuchemsha mabaki ya chakula. Kikundi kizima kikinunua kwa mchuuzi mmoja siku moja, na mmoja ana ugonjwa, deni la kikundi kizima linalala.

Kwa hiyo kwangu mimi ni uchaguzi wa shughuli. Hapo ndipo panapoharibika, mapema kabisa.

#10 Mahindi_Bweyale

Mama, hoja nzito. Ila hata aliyechagua vizuri anabanwa. Ekari ya mahindi kwa utaratibu: mbegu kilo 10, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP wakati wa kupanda, mfuko wa kilo 50 wa urea mahindi yakifika magotini, kulima mara 2, palizi 2, dawa ya viwavijeshi vamizi. Pesa ikifika Juni wakati msimu umepita, inakaa mfukoni miezi miwili ikingoja mvua ya pili. Pesa inayokaa mfukoni miezi miwili kwenye nyumba yenye watoto wa shule, sihitaji kumalizia.

#11 Karani_wa_Gombolola

Na ndiyo maana pesa hizo zinapitia Wendi, pochi ya benki kwenye simu, badala ya kuhesabiwa mkononi. Muda wa kuanza kurudisha nao umewekwa mbali, miaka 2 kwa kawaida. Waliotunga walijua kuna misimu.

#12 Kiboko_Mkavu

Miaka 2! Hapo ndipo ninaposhika. Soma #1 tena. Kahawa mwaka wa pili inatoa vikombe vichache tu. Mwenye kahawa analipa deni kwa kuuza kitu kingine. Kwa hiyo mpango unamsukuma aache mti, achukue kuku. Mama #9 anasema uchaguzi ni mbaya. Mimi nasema masharti ndiyo yanayochagua.

#13 Bwana_Shamba_Kimya

Nasoma tangu asubuhi. Nimefanya kazi hii chini ya majina manne ya mpango na sitaeleza maisha yangu hapa. Nitasema moja: mnazungumzia mbegu, pesa, lori. Hakuna aliyesema mtu wa kukufundisha.

Gombolola linatakiwa kuwa na ofisa wa mazao, wa mifugo, na penye ziwa wa samaki. Nafasi nyingi hazina mtu. Aliyepo ana pikipiki isiyo na mafuta na maelfu ya kaya. Muundo ukibadilishwa, anatakiwa aandike ripoti kwa mfumo mpya, kwa fomu mpya. Muda wa shambani unakuwa muda wa fomu.

Mfano wa kazi ndogo inayookoa msimu na haigharimu kitu: kupima uotaji. Hesabu mbegu 100 kutoka kwenye mfuko uliopewa au ulionunua. Zipange kwenye kitambaa au gazeti lenye unyevu, vingirisha, weka mahali pa joto la kawaida, mwagia maji kidogo kila siku. Siku ya 7 hesabu zilizoota. Mahindi yakiota chini ya 85, rudisha. Yakiota 50, usijidanganye kwa kupanda mbili mbili, maana hata hizo zilizoota ni dhaifu. Angalia pia lebo: mbegu iliyothibitishwa ina lebo ya bluu, ile ya vikundi vya wakulima inayokaguliwa kwa ngazi ya chini ina lebo ya kijani. Zote ni halali. Mfuko usio na lebo, au lebo iliyobandikwa juu ya nyingine, mrudishie mwenyewe.

Kaya ngapi zinajua hili? Na mpango upi ulilipia mtu wa kulisema?

#14 Simba_wa_Jinja

Bwana shamba, wewe ni kimya kweli? Hiyo ni aya nne 😂 Lakini asante.

#15 Busia_Mpakani

Wote mko shambani. Njooni sokoni.

Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ikafungua kwa masharti: cheti, muuzaji asajiliwe, sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Bei huku ilidondoka siku ile ile. Nauliza: mpango gani wa serikali uliokuwa umewapa watu turubai kabla ya hapo? Miaka yote tunapewa mbegu. Mbegu, mbegu, mbegu. Ukizalisha gunia 20 ukazianika chini kwenye vumbi mvua ikinyesha, umezalisha gunia 20 za kurudishwa mpakani.

Kiwango ni unyevu usizidi asilimia 13.5. Kipimo cha mashine ni ghali, lakini kuna cha chupa. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa yenye mfuniko. Tia mahindi robo tatu ya kikombe na chumvi kavu vijiko viwili vitatu. Tikisa dakika kadhaa, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Ikidondoka yote chini, yako chini ya 15 hivi. Kwa hiyo yape siku moja nyingine ya jua kisha uhifadhi.

Sera ya mbegu bila sera ya kukausha ni nusu sera.

#16 Mahindi_Bweyale

ACDP ilikuwa nayo turubai, Busia. Sema ukweli. Vocha ile ilikuwa na mbegu, mbolea, dawa na vitu vya baada ya mavuno. Ilihusu mahindi, maharage, mpunga, muhogo na kahawa. Serikali ilitoa asilimia 67 msimu wa kwanza, 50 wa pili, 33 wa tatu, mkulima anajazia. Mpaka leo naona ule ndio mpango uliopangwa kwa akili, kwa sababu ulikuwa na mwisho wake ndani yake. Mtu alijua atatolewa mkononi taratibu.

#17 Busia_Mpakani

Ulikuwa na akili kwenye karatasi. Unalipa sehemu yako benki, unangoja ujumbe wa simu, unaenda na namba kwa muuzaji wa pembejeo. Ujumbe haujaja. Ukija, muuzaji hana DAP, ana kitu kingine, anasema chukua hiki kinafanana. Mkulima ameshalipa, afanyeje? Wengi waliacha msimu wa pili, siyo kwa sababu ya 50 badala ya 67.

Na wilaya ambazo hazikuwa ndani ya mradi zilikuwa zinatazama tu.

#18 Mama_Simsim

Alafu ulikuwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mradi ukifungwa, vocha inafungwa, wataalamu wake wanaondoka. #1 anapata pointi hapo, nakubali nusu.

#19 Kiboko_Mkavu

Nusu nzima nachukua, Mama 🙏🏾

Turudi kahawa, maana ndiyo inayolisha hazina. UCDA iliundwa 1991 wakati biashara ya kahawa inafunguliwa. Ilikuwa inakagua ubora, kusajili vitalu, kutoa leseni za kuuza nje. Mwaka 2024 Bunge likapitisha mabadiliko tarehe 6 Novemba, na mliona wenyewe wabunge walivyopigana ukumbini siku ile. Sasa kazi zote ziko wizarani. Swali langu ni la mkulima tu: nikitaka kujua kitalu kipi kina KR halisi, zile aina zinazostahimili mnyauko, nampigia nani? Mnyauko ulionekana nchini 1993 na ulifyeka robusta yetu vibaya. Ukinunua mche wa njiani ukidhani ni KR, utajua mwaka wa tatu, majani yakianza kujikunja upande mmoja wa mti. Na dawa ya kunyunyiza hakuna. Ni kung'oa, kuchoma hapo hapo, na kutopanda robusta kwenye shimo lile kwa muda.

#20 Karani_wa_Gombolola

Unapiga simu wizarani, idara ya kahawa. Watu wengi ni wale wale. Tusitie chumvi. Hoja ya serikali ilikuwa kupunguza mashirika yanayofanya kazi inayofanana na kula bajeti ya utawala. Mkulima wa muhogo anauliza: kwa nini kahawa iwe na nyumba yake peke yake?

#21 Kitalu_Masaka

Kwa sababu kahawa ilikuwa inajilipia, ndugu Karani. Asilimia 1 ya thamani ya mauzo ya nje ilikuwa inakatwa kwa kazi hiyo. Pesa ya kahawa kwa kazi ya kahawa. Ikiingia mfuko mkuu, itangoja robo kama mbegu za #2.

Halafu kuna sheria ya Ulaya ya misitu. Kahawa iliyotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020 haitakiwi kuingia soko lao. Maana yake kila shamba liwe na alama zake za ramani, na jina la mkulima lifuatane na gunia. Usajili ulianza chini ya mwenye nyumba mmoja, unaendelea chini ya mwingine. Mkulima wa ekari nusu anasajiliwa na serikali, anasajiliwa na kampuni inayonunua, anasajiliwa na chama. Majina matatu, tahajia tatu.

#22 Afande_Mstaafu

Na wengi wenu mnachuma kahawa mbichi kabisa halafu mnalia ubora. Hiyo siyo sera ya mtu. Kahawa inachumwa nyekundu, inaanikwa juu ya turubai au kichanja, siyo chini kwenye ua pamoja na kuku.

#23 Kiboko_Mkavu

Sahihi Afande. Ila jiulize kwa nini mkulima anachuma mbichi. Ana deni la ada, mchuuzi anampa pesa kahawa ikiwa bado maua. Kilo 100 za kiboko kikavu (kahawa iliyokaushwa na maganda yake) kilichoiva vizuri zinatoa karibu nusu yake kahawa safi ya kukobolewa. Kiboko cha mbichi kinatoa chini ya hapo, na mchuuzi anajua, kwa hiyo bei inashuka kwa wote, hata aliyengoja nyekundu. Aliyengoja analipwa sawa na aliyechuma mbichi. Msimu ujao naye anachuma mbichi.

#24 Bwana_Shamba_Kimya

Hapo umeeleza jambo ambalo sheria ya kahawa ya 2021 wala ya 2024 haijaligusa. Bei ya pekee kwa nyekundu, kwenye mzani wa kijijini. Mengine ni majengo ya Kampala na Entebbe.

#25 Karani_wa_Gombolola

Vikundi vinaweza kufanya hilo wenyewe. Kusanyeni, kobolezeni pamoja, uzeni kahawa safi badala ya kiboko.

#26 Mama_Simsim

Ndiyo nguzo ya kwanza hiyo, Karani. Ile isiyokuwa na bahasha.

#27 Simba_wa_Jinja

😂😂 Mama amenipora mzaha wangu.

Swali la kweli sasa: ile chupa ya chumvi ya #15, naweza kuitumia kwa maharage?

#28 Busia_Mpakani

Ndiyo, punje ndogo zote. Kwa kahawa usijaribu. Na chumvi iwe imekaushwa kwanza juani au juu ya sufuria, ile ya dukani huwa ina maji yake yenyewe, itakudanganya.

#29 Mahindi_Bweyale

Baada ya kutumia usiirudishe jikoni, ina vumbi la mahindi na kama ulipulizia dawa ghalani umeshajimaliza.

Wadau, nani ana habari ya mbegu za msimu wa pili? Huku wanasema wiki ijayo.

#30 Kitalu_Masaka

Wiki ijayo ipi?